Kidole Yangu na Mugongo ya Claudette

Jumatatu, 6 Machi 2023

Claudette amekuya! Ametoka Lubondja juu ya pikipiki, tumbo mbele yake kama ngoma ya kanisa. Dereva alimushusha ku mulango yangu kama muntu anashusha kikapo ya mayai. Nilimutukana ule dereva juu ya kubeba mwanamuke wa mimba kubwa ku barabara ile, kisha nikamupa maji ya kunywa, juu alimuleta polepole.

Mujukuu yangu. Nilimulea mimi, Koko yake. Mama yake, binti yangu Gloriose, anauzisha bitenge kule Kalemie, safari hazimuishi. Sasa Claudette iko na miaka makumi mbili na tatu na mimba ya pili. Mutoto ya kwanza, Irankunda, njo ule anaruka juu ya kitanda yangu nikiandika. Irankunda, shuka!

Nimemuuliza: utazalia wapi? Ananiambia: hapa, mu nyumba yako, Koko. Nikasema: nyumba yangu iko na panya. Akasema: panya haina kisu.

Njo nikaelewa.

Irankunda alitolewa kwa sezariene, tumbo ikapasuliwa, kule balikuwa banaikala zamani. Balimupiga Claudette sindano ku mugongo ili tumbo ilale. Tumbo haikulala. Alisikia kisu. Alilia, na hakuna aliyemusadiki — balimuambia ni woga tu. Hii yote hakunielezea mbele. Leo amenielezea, macho chini, anakunja ncha ya kitenge. Nilitaka kumutafuta ule aliyepiga ile sindano na kumupiga na muiko ya bugali.

Lakini dokta ya hapa Baraka, alipomupima mwezi uliopita, ameisha kusema: mutoto amelala kingama, na kovu ya kwanza haiaminiki. Kuzalia nyumbani ni kuchezea kifo. Siku imepangwa, Jumatano ya juma ijayo. Claudette anasema haendi.

Mbele ya kulala ameniuliza: Koko, unapimaka sukari yako kila asubuhi?

— Kila asubuhi! Iko muzuri!

Mashine ya kupima sukari iko mu kikapo chini ya bitenge. Mutoto yangu Sixte aliileta toka Bujumbura, mupya, na kopo yake ya bandeleti — bile bipande bidogo bya kuwekea tone ya damu. Sijaifungua hata siku moja. Mi na sindano hatupendane. Nimeandika hapa. Mungu anajua kusoma, inatosha.

Jumanne, 7 Machi

Nadège, mwalimu yetu ya bamama ku kanisa, njo aliyenifundisha hizi alama za kuandika na mi muzee tayari. Anasema: andikeni kila siku, hata neno moja, mukono isisahau. Leo maneno iko mingi.

Nimeenda ku opitali peke yangu. Claudette nilimuambia naenda kununua ndakala, samaki bidogo. Nilivaa kitenge ya maua, ile ya sikukuu. Ukienda kugombana unapashwa kupendeza.

Nikauliza ku mulango: nani hapa anapigaka bamama sindano ya mugongo? Balinionyesha kijana mwembamba, sauti ya chini, jina Jérémie. Muganga ya usingizi, banasema. Usingizi gani! Halalishi muntu, analalisha tumbo na miguu tu, kichwa inabaki macho. Nikamuambia: mutoto, ukikosea ile sindano ku mujukuu yangu, nitahamia mu nyumba yako mpaka nife. Na mi nakoroma.

Alicheka. Akanipa kiti. Nikamupenda kidogo.

Nikamuelezea vile Claudette alisikia kisu. Pale hakucheka tena. Akaanza kunifundisha na bidole byake. Sindano inaingia kati ya mifupa. Ikifika fasi yake, tone ya maji inatoka, safi kama maji ya mvua. Njo maji ya mugongo. Ukiyaona, unasukuma dawa. Lakini! Mbele ya ile, amekwisha kupiga dawa ingine ndogo ya kulalisha ngozi. Na ile pia ni safi kama maji ya mvua. Siku ingine tone inayotoka ni ile dawa ya ngozi inarudi, muntu anafikiri amefika, kumbe angali mu njia.

— Macho yako inatofautishaka namna gani?

— Macho haiwezi, Koko. Sukari njo inatofautisha.

Maji ya mugongo iko na sukari. Dawa ya ngozi haina. Anakinga tone moja ku bandeleti, zile zile za bagonjwa ya sukari, na mashine inasema. Ikisema sukari iko, amefika. Ikisema hakuna, anatafuta tena. Dawa ya kulalisha tumbo inangoja, juu ile nayo balitia sukari ndani, ikitangulia inaharibu kipimo.

Sukari mu mugongo! Nimebeba mihogo yote ya Lubondja juu ya hii mugongo, miaka na miaka, sikujua ni tamu. Nikamuambia: basi leta tone moja nionje. Ulimi yangu haijadanganywa na sukari hata siku moja.

Alicheka mpaka akashika ukuta. Mukunga mumoja, Fanny, mwanamuke munene wa kicheko, akapita akauliza kuna nini. Jérémie akamuambia. Sasa maternité yote, nyumba ya kuzalia, inaniita Koko Nionje.

Ndakala nilisahau. Claudette aliangalia kikapo tupu, kisha akaangalia kitenge ya maua.

Alhamisi, 9 Machi

Nimemuambia yote. Alikuwa anamenya mihogo.

— We ulienda kugombana ku opitali na kitenge ya maua?

— Ndiyo. Na nilishinda.

Akaendelea kumenya. Maganda yanaanguka, moja, ingine. Kisha akauliza, polepole: ile mashine, inaweza kusema ni woga tu?

Moyo yangu! Njo pale palipokuwa panamuuma. Si kisu peke yake. Ni kulia na kutosadikiwa. Nikasema: mashine haina mudomo ya kudharau muntu. Inaona sukari ao haioni. Basi.

Akaweka kisu chini. Akafikiri. Halafu akanigeukia na ile macho ya mama yake akipatana bei:

— Mi nitatoa mugongo. We utatoa kidole. Mbele yangu, kila asubuhi.

— Mi natoaka!

— Sijakuona hata siku moja.

— Napima ukiwa umelala.

— Silalake, Koko. Niko na mutoto anapiga teke usiku yote.

Nikasema mashine nimemuazimisha Arlette, bibi ya katekista. Ujinga! Muda kidogo Arlette mwenyewe ametokea ku mulango, anaomba chumvi. Claudette: Mama Arlette, ile mashine ya Koko inakusaidia? Arlette: mashine gani? Mi nikakohoa kama muntu amemeza mufupa. Arlette si mupumbavu. Aaah, akasema, ile mashine! Iko kwangu, ndiyo, inanisaidia sana.

Jioni Arlette alirudi kwa mulango ya nyuma kuchukua bakuli ya maharagi. Malipo ya uongo yake. Bakuli kubwa.

Ijumaa, 10 Machi

Eloge, bwana ya Claudette, ametoka ku ziwa na samaki ya mikeke. Minene! Amekaanga mwenyewe juu bibi yake haruhusiwe kuinama. Bajirani balikuya kuangalia mwanaume ku moto kama banaangalia sinema. Chumvi ilizidi. Tulikula yote.

Akamuuliza bibi yake: kwa hiyo utaenda? Claudette akasema: nitaenda. Lakini bila ile bandeleti, nashuka ku meza. Eloge, macho wazi: na tumbo imefunguliwa? — Mbele ya kufunguliwa, we Eloge!

Ataenda! Ataenda!

Jumapili, 12 Machi

Misa ndefu. Kisha chai ya koro, baimbaji ba kanisa. Bijiko bya sukari niliweka bingapi, sisemi. Claudette alikuwa anaangalia kikombe yangu toka mbali.

Mvua tangu jana. Banasema daraja moja ku barabara ya Uvira imebebwa na maji. Makamyo yanasimama kule.

Jumatatu, 13 Machi

Leo sina furaha ya kuandika, lakini nitaandika.

Tulienda batatu ku opitali, Claudette, Eloge na mi. Jérémie alimukalisha Claudette, akagusa mugongo yake na kidole gumba, mufupa kwa mufupa, kama muntu anatafuta ufunguo mu giza. Akamuambia: Mama Irankunda, siku ile ukisema unasikia, mi nasadiki. Nasema simama, na dokta anasimama. Claudette akalia kidogo. Machozi muzuri, zile za kufungua.

Kisha Jérémie akasema: lakini kuna neno moja, sitaki kukuficha. Bandeleti zinaisha. Mupya ziko mu kamyo, na kamyo iko upande ingine ya daraja. Zimebaki chache sana, ni za bagonjwa ya sukari bakizimia. Akasema anaweza kupiga sindano bila ile, anapigaka, inashika. Na mbele ya kisu atapima tumbo na pamba ya baridi, aone kama imelala.

Claudette akavaa sandali yake. Moja, ya pili.

— Basi narudi nyumbani.

Fanny akaomba. Eloge akaomba. Jérémie hakukasirika, alifunga mikono tu, akaangalia chini. Na mi? Mi Anastasie, mwenye mudomo kubwa kuliko soko ya Baraka? Nilinyamaza kama jiwe. Juu najua fasi kuna kopo muzima ya bandeleti. Mupya. Imefungwa na nailoni yake. Chini ya bitenge yangu.

Nikiileta, Claudette ataona haijafunguliwa hata siku moja. Kila asubuhi, iko muzuri!

Tumerudi. Ameanza kukunja nguo za mutoto, anasema bamama bazee ba hapa batamuzalisha. Anakunja, anakunjua, anakunja tena.

Jua haijaingia. Kikapo iko mbele yangu.

Naogopa nini? Si ile sindano ndogo. Nimezaa batoto saba, kidole ni kitu gani! Naogopa namba. Dada yangu alipima, balimupa namba kubwa. Kisha balimukata muguu. Kisha tukamuzika. Nikasema mu roho: kisichopimwa hakipo. Kumbe kipo tu, kinakunywa chai pamoja na mi.

Claudette anaogopa kitu alichokiona. Mi naogopa kitu nilichokataa kuona. Sasa nani mutoto mu nyumba hii?

Nimetoa kopo.

Jumanne, 14 Machi

Niliweka kopo na mashine ku meza asubuhi, karibu na chai. Nilikuwa tayari kutukanwa.

Claudette aliikamata. Akaigeuza. Akapitisha ukucha ku nailoni.

— Koko. Haijafunguliwa.

— Ndiyo.

— Hata moja.

— Hata moja.

— "Kila asubuhi! Iko muzuri!"

Aliiga sauti yangu, na kichwa yangu vile natikisaka! Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika tumbo chini na mikono mbili ili mutoto asianguke. Irankunda akacheka bila kujua juu ya nini. Claudette: na Arlette? Nikasema: bakuli ya maharagi. Basi! Akaketi chini kabisa, machozi yanatoka. Eloge akaingia mbio, alifikiri mutoto anatoka.

Kisha akavuta kichwa yangu ku bega yake. Akasema: we ukikufa, mi nitagombana na nani?

Macho yangu ilitoa maji. Kulikuwa moshi mu nyumba.

Moshi hakukuwa. Mungu anajua kusoma.

Tukabeba kopo na mashine ku opitali. Jérémie aliisoma tarehe ku kopo, akasema iko muzima mpaka mwaka ujao. Akafungua. Akajitoboa kidole yake mwenyewe, mashine ikasema namba, akatikisa kichwa ndiyo. Kisha akadondosha ile dawa ya ngozi ku bandeleti ingine. Mashine ikasema chini, hakuna. Claudette alisimama pale kama juji mu kesi.

— Rudia.

Akarudia. Hakuna.

— Sawa, akasema Claudette. Nimeona. Nakuya kesho.

Fanny akapiga kigelegele mu maternité, mugonjwa mumoja akaamka akauliza nani amezaa.

Tukagawanya bandeleti. Nusu ya bamama ba sindano ya mugongo mpaka kamyo ifike. Nusu ya mi. Nilitaka kutoa zote, moyo kubwa tu! Claudette akasema: we Koko, hapana ujanja.

Jérémie akauliza: na kidole ya Koko Nionje, tuanze leo? Nikaficha mikono chini ya kitenge. Lakini Claudette akasema: muache. Ya yake ni kesho. Mutoto akilia, Koko anatoa kidole yake. Tukapigana mikono, paa! Neno limefungwa.

Jumatano, 15 Machi

Niko ku banki ya inje, ile kiti ndefu ya mbao. Naandika juu ya magoti, alama zinatembea kama kuku, Nadège anisamehe.

Claudette ameingia. Hajala tangu jana, ni sheria ya kisu. Mi nimekula. Bekinye, maandazi ya mafuta. Tano. Za sukari juu. Ni woga! Eloge anatembea inje, anaenda, anarudi, anaenda. Nimemuambia ikala, utatoboa opitali.

Mulango imefungwa. Kuna kioo, lakini balipaka rangi nyeupe.

Kimya.

Bado kimya. Nasali. Ee Maria, we ulizalia mu zizi, unajua.

Fanny ametoa kichwa! Anasema: ya kwanza, mashine imesema hakuna. Hakuna sukari! Ilikuwa dawa ya ngozi imerudi. Jérémie hakusukuma kitu. Amerudi kutafuta. Claudette ameuliza: imesema nini? Amemuambia kweli, haijafika. Na Claudette amesema: sawa, tafuta, nakungoja.

Anamungoja yeye! Mujukuu yangu ule!

Ile ya kwanza — bila kopo yangu — sitaki kufikiri.

Fanny tena! Imesema! Makumi sita na mbili!

— Ni mingi? Ni kidogo?

— Ni mugongo, Koko! Ni mugongo!

Nimeruka. Banki imeanguka. Eloge amenikumbatia, ananuka samaki, nimemukumbatia zaidi.

Sasa nasikia sauti. Mulango ni nyembamba. Jérémie anauliza: hapa, baridi? Claudette: baridi gani? Hapa? Hapana. Hapa? Mi sisikii kitu, babangu, hata miguu sijui iko kwa nani.

Kimya. Chuma inagusa chuma. Eloge ameziba masikio, mi nimefungua yangu yote.

Claudette anaongea! Anaongea ndani! Anauliza: dokta, mutaanza saa ngapi? Na sauti ya dokta: tulianza zamani, mama, tunakaribia.

Anacheka. Banamufungua tumbo na anacheka.

Eloge analia. Mi silie. Mi

ANALIA! Mutoto! Si Eloge, mutoto! Sauti kama jogoo ya jirani, mbaya, nguvu, muzuri! Ni kijana? Ni binti? Hakuna anayesema! Fungueni!

Mulango imefunguliwa. Ni Fanny. Nimenyosha mikono nipokee mutoto — hana mutoto. Ameshika mashine. Ameipanguza vizuri, inanuka alkoli. Anasema: mutoto banamukausha, utamuona sasa hivi. Lakini Claudette iko macho juu ya meza, na amenituma. Amesema neno moja tu: kidole.

Sasa? Na bekinye tano mu tumbo?

Nimeita jina yake kupitia mulango: Claudette! We binti mubaya! Na ndani amejibu, sauti yake yenyewe, ya kila siku: Koko, nimetoa yangu!

Basi. Naandika na mukono ya kuume. Ule ya kushoto Fanny ameukamata, ni nguvu kama fundi ya pikipiki. Nimefunga jicho moja. Tchak. Ni ile tu? Mutoto analia ndani, Eloge anaimba wimbo haina maneno, na mashine inahesabu kurudi nyuma, tano, ine, nafungua jicho ya pili niione namba, tatu